Kisanduku cha Kwanza: Historia ya Majina ya Heshima katika Fomu za Kisii na Nyamira

Fomu nyingi zinazojazwa leo katika kaunti za Kisii na Nyamira huuliza jambo moja kabla hata ya jina: Mr, Mrs, Miss, Ms, Dr, Prof au Rev. Ndivyo zilivyo fomu za benki, za kujiunga na sacco, za kuomba kazi serikalini na za kumsajili mwanafunzi chuoni. Mwenye kujaza hutakiwa kutia alama kwenye kisanduku kimoja tu. Mwanamume humaliza haraka, kwa sababu Mr humfuata tangu apate kitambulisho hadi azikwe, awe kapera au awe na wake watatu. Mwanamke huulizwa, kwa neno moja, kama ameolewa. Kwa Abagusii, wenyeji wa kaunti hizo mbili, hilo lilikuwa swali lenye majibu mengi, na historia ya kisanduku hicho ni historia ya serikali, kanisa, mwajiri na mahakama kutaka jibu moja pale ambapo jamii ilikuwa na hatua nyingi.

Kabla ya 1907: hatua za maisha na pete za miguuni

Abagusii walikuwa na majina ya heshima kabla ya fomu, lakini yalipangwa kwa hatua za maisha. Mvulana ambaye hajatahiriwa aliitwa omoisia. Akishatoka jandoni akawa omomura, na akishakuwa na watoto wakubwa na sauti barazani akawa omogaka. Msichana alianza kama egesagaane, akawa omoiseke baada ya kukeketwa, desturi ambayo sheria ya Kenya iliipiga marufuku kabisa mwaka 2011. Alipoolewa akawa omosubaati, na umri ulipomkuta akawa omong'ina. Robert na Barbara LeVine, wanaanthropolojia Wamarekani walioishi na familia za Gusii kati ya 1955 na 1957, walikuta majina haya bado yanatumika kila siku. Kumwita mwanamume mzima omoisia ulikuwa ni ugomvi.

Kuolewa kwenyewe hakukuwa tukio la siku moja. Ng'ombe wa mahari walihesabiwa na kuhamishwa kutoka boma la mume hadi boma la baba wa bibi harusi, mara nyingi wakiwa ng'ombe walewale waliopatikana kwa kuozwa dada wa bwana harusi. Bibi harusi alikwenda kwa mumewe, akapata mtoto, pengine wawili. Sherehe kubwa ya enyangi iliweza kuja baada ya hapo, wakati koo zote mbili zimeridhika. Katika enyangi ndipo mwanamke alipovishwa ebitinge, pete za chuma za miguuni. Aliyezivaa alijulikana njiani na sokoni kuwa mke wa mji, na hakuzivua hadi mumewe afe.

Hata kifo hakikuivunja ndoa iliyolipiwa ng'ombe. Mjane alibaki mke wa marehemu. Ndugu wa mume aliweza kumtunza na kuzaa naye, lakini watoto walihesabiwa kuwa wa yule aliyekufa. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume naye aliweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana kwa niaba ya mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa, na msichana huyo akawa mkaza mwana katika nyumba yake. Wakuria, majirani wa kusini, wana desturi inayokaribiana na hiyo. Katika mpangilio wa namna hii, kumuuliza mwanamke kama yeye ni mke au si mke hakukutosha. Ilibidi kuuliza: mke wa nyumba ipi, kwa ng'ombe wa nani, na amefika hatua gani.

1907 hadi 1920: kodi ya vibanda na kipande

Boma la utawala wa Waingereza lilisimama Kisii mwaka 1907. Kabla yake, mwaka 1905, kulikuwa na msafara wa kijeshi uliotwaa mifugo na kuua watu. Wa pili ulikuja mwaka 1908, baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote, katika upinzani unaohusishwa na nabii Moraa. Northcote alipona. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na utawala ukakaa imara.

Karatasi ya kwanza iliyowafikia watu wengi ilikuwa orodha ya kodi ya vibanda. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, karani aliyehesabu vibanda alikuwa anahesabu wake bila kuwauliza majina. Mwenye boma aliandikwa kwa jina; wanawake wake waliingia kama idadi ya mapaa. Ndoa ilikuwa imeingia kwenye hesabu ya serikali, lakini aliyeolewa hakuwemo.

Kiswahili cha serikali kilikuja na askari, makarani na wachuuzi, kikaleta majina ya heshima ya pwani yakiwa yamebadilishwa matumizi. Bwana, ambalo pwani lilimfaa mwungwana yeyote, huku bara likawa mali ya Mzungu: Bwana DC, Bwana Mkubwa. Mke wake akaitwa memsabu. Mwafrika mtu mzima aliyefanya kazi jikoni au shambani kwao aliitwa boi hata akiwa na wajukuu.

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya mwaka 1915, ambayo vita vilichelewesha utekelezaji wake hadi 1919 na 1920, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kipande. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Humo mliandikwa jina, kabila, wilaya, chifu wake na alama za vidole. Mwajiri naye aliongeza siku ya kuanza kazi, mshahara na siku ya kuachishwa. Wanaume wa Gusii waliokwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho walikwenda nacho. Hakikuwa na nafasi ya jina la heshima la aina yoyote. Wanawake hawakupewa kipande, na hivyo wakaepuka adha ya kukibeba. Lakini kwa muda wa karibu miaka 60 iliyofuata hawakuwa na karatasi ya serikali inayosema wao ni nani.

1911 hadi 1950: kitabu cha kanisa na kesi za mahari

Wamisionari Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye. Wote walileta vitabu vya kusajili ubatizo na ndoa. Fomu ya cheti cha ndoa iliigwa kutoka Uingereza: jina, umri, hali ya ndoa, cheo au kazi, jina la baba. Hali ya ndoa ilikuwa na majibu machache tu, yaani hajaoa, hajaolewa au amefiwa. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba ng'ombe wanne wameshapelekwa na watatu bado.

Nyuma ya vitabu hivyo zilikuwepo sheria. Ile ya ndoa ya 1902 na ile ya ndoa za Wakristo wenyeji ya 1904 ziliweka ndoa ya mke mmoja kwa cheti. Sheria ya Ndoa na Talaka za Waafrika Wakristo ya 1931 ilikwenda mbali zaidi: ilisema kuwa mwanamke aliyefunga ndoa ya cheti akifiwa na mumewe ni mtu mzima mwenye hiari yake, wala halazimiki kuishi na ndugu wa marehemu. Kifungu hicho kimoja kilipingana na desturi yote ya Gusii kuhusu mjane. Ni hapa ndipo maneno ya fomu yalipoanza kubeba haki. Mke wa kanisani na mke wa ng'ombe waliweza kuishi kwenye kilima kimoja, wakalima mashamba yanayopakana, huku kila mmoja akitawaliwa na sheria yake siku mume anapofariki.

Wake wa walimu na wainjilisti walikuwa wa kwanza kuitwa Mrs kwa jina la mume. Lilikuwa jina la hadhi: liliashiria kusoma, nyumba ya mabati, watoto waliobatizwa. Wakati huohuo enyangi ilififia. Makanisa hayakuipenda, gharama yake ilikuwa kubwa, na kufikia katikati ya karne wengi walikuwa wanaoana bila kuifanya. Ebitinge zikaanza kutoweka miguuni. Alama ya zamani ilipotea kabla alama mpya haijawafikia watu wengi, na pengo hilo ndilo chanzo cha matatizo mengi yaliyofuata.

Idadi ya ng'ombe wa mahari nayo ilipanda, hasa miaka ya 1930 na 1940, wakati mishahara na mauzo ya mahindi na kahawa yalipoleta fedha. Vijana wasio na ng'ombe walitorosha wasichana, mababa waliwatoa mabinti kwa wazee wenye mifugo, wasichana walikimbia. Mabaraza ya wenyeji yalijaribu mara kadhaa kuweka kikomo cha mahari na kila mara yakashindwa, kwa sababu walioweka kikomo walikuwa wenyewe ni mababa wenye mabinti. Mahakama za wenyeji, zilizoitwa ritongo, zilijaa kesi hizo kiasi kwamba mwanahistoria Brett Shadle aliziandikia kitabu kizima mwaka 2006. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Kisii kwa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1950 maelezo ya sheria ya mahari ya Gusii. Swali la hakimu lilikuwa lilelile: huyu ni mke wa nani? Jibu lilitafutwa kwa kuhesabu ng'ombe, rangi zao na ndama zao, mbele ya mashahidi waliowaona wakivuka mto. Karatasi ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ndama mwekundu.

1963 hadi 1978: uhuru, mshahara na bei ya Mrs

Kipande cha shingoni kilikuwa kimeshaondolewa mwaka 1947, sheria mpya ya usajili ilipowahusu wanaume wa rangi zote. Uhuru wa 1963 ulirithi sheria hiyo, na pamoja nayo fomu zote za ofisi za Uingereza zenye orodha yake ya Mr, Mrs na Miss. Tanzania ilichukua njia nyingine. Huko, chini ya TANU, neno Ndugu lilienea kwa waziri na kwa mkulima, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kenya haikutaka habari hizo. Magazeti ya Kiswahili ya Nairobi yaliandika Bw na Bi, bungeni ikawa Mheshimiwa, na Rais akawa Mzee, kisha baada ya 1978 akawa Mtukufu.

Bi lilikuwa na faida ambayo haikusifiwa vya kutosha: halikuuliza kama mtu ameolewa. Lakini fomu zenyewe zilibaki kwa Kiingereza, na Kiingereza kiliuliza.

Waliokumbana na swali hilo mapema zaidi walikuwa walimu na wauguzi wa kike. Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, na ualimu ukawa ajira kubwa ya mshahara kwa wanawake wa Gusii waliopita shule kama Nyabururu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanamke aliyeolewa katika utumishi wa umma hakulipwa marupurupu ya nyumba kama wenzake, kwa hoja kwamba mumewe ndiye mwenye wajibu wa kumpa makao. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973 ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ni mapato ya mume. Kwa hiyo kisanduku cha Mrs kilikuwa na bei, na bei hiyo ilionekana kwenye karatasi ya mshahara mwisho wa mwezi. Mwalimu aliyeishi na mwanamume bila cheti, ng'ombe wakiwa hawajalipwa, aliweza kujiandika Miss bila kusema uongo mbele ya mwajiri, huku kijijini akiitwa mama wa mtoto wake wa kwanza na kanisani akiitwa dada.

Ardhi ilipitia mkondo wa namna hiyo. Upimaji na usajili wa mashamba chini ya sheria ya 1963 uliandika mwenye shamba mmoja, naye karibu kila mahali alikuwa mwanamume. Namba za wakulima wa chai katika viwanda vya nyanda za juu za Nyamira na Kisii zilifuata hati ya shamba. Mke aliyechuma majani na kuyabeba hadi kituo cha kununulia alipima uzito kwa namba ya mumewe. Katika karatasi hizo hakuwa Mrs wala Miss. Hakuandikwa kabisa.

1978 hadi 2010: kitambulisho cha mwanamke

Mwaka 1978 Sheria ya Usajili wa Watu ilirekebishwa ili wanawake nao wasajiliwe. Ni mabadiliko makubwa kuliko yalivyoonekana wakati huo, na inashangaza kwamba hayakumbukwi sana. Mwanamke wa Bobasi au wa Mugirango Kaskazini aliingia ofisi ya usajili kwa mara ya kwanza, akachovya vidole kwenye wino, akaulizwa majina matatu.

Sheria hiyo inaorodhesha yanayopaswa kuandikwa: jina kamili, jinsia, kabila, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, makazi, alama za vidole. Jina la heshima halimo. Kitambulisho cha taifa cha Kenya hakijawahi kumuuliza mtu kama yeye ni Mrs. Hata hivyo ndoa ilipita kwa mlango wa nyuma, kwenye jina la tatu. Binti aliandika jina la baba. Aliyeolewa alishauriwa aandike la mume. Baadaye, aliyetaka kuongeza jina la mume alihitaji cheti cha ndoa au kiapo, na aliyetaka kuliondoa alihitaji karatasi nyingine. Wengi wa kizazi hicho wakawa na jina la ubatizo, jina la Kigusii kama Kerubo, Moraa au Kwamboka, na jina la mwanamume mmoja kati ya wawili.

Kitambulisho kilifungua milango ya benki na vyama vya akiba na mikopo, na huko ndiko Mr, Mrs na Miss zilikokuwa zimekaa zikisubiri. Fomu ya mkopo iliuliza jina la heshima, hali ya ndoa, jina la mwenzi na mrithi. Majibu manne yalipaswa kukubaliana. Karani aliyeona Miss juu ya ukurasa na jina la mume chini yake alirudisha fomu.

Nje ya Kenya mabishano kuhusu swali hilo yalikuwa yameshaanza. Gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilipendekeza Ms mwaka 1901 kwa mwanamke ambaye hali yake ya ndoa haijulikani; pendekezo likalala hadi miaka ya 1960, na mwaka 1972 idara ya uchapishaji ya serikali ya Marekani ikalikubali. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi iliacha kutumia jina la pekee la wasioolewa katika nyaraka za serikali. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 2012. Ms ilifika Kisii ikiwa imechapishwa tayari kwenye fomu, bila mjadala, na bila maelezo. Wengi waliichukulia kuwa kifupi cha Miss, au jina la mwanamke aliyeachika, wakaiepuka.

Wakati huohuo idadi ya watu walioishi pamoja bila mahari ilikuwa inaongezeka. Thomas Håkansson, aliyefanya utafiti Gusii na kuuchapisha mwaka 1988, alionyesha jinsi ndoa bila ng'ombe zilivyokuwa zimeongezeka na jinsi zilivyowaacha wanawake bila uhakika wa ardhi. Mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi vipande vidogo, malisho yamekwisha, na ng'ombe kumi wakawa ndoto ya kijana wa kawaida. Mwanamke aliishi kwa mwanamume miaka mingi, akazaa, akalima, akaandikwa Mrs kwenye kadi ya kliniki, lakini kwao alikozaliwa ndugu zake walisema bado hajaolewa.

Deni la mahari lililipwa mara nyingi siku ya msiba. Mwanamke alipofariki kabla mahari hayajatolewa, ndugu zake waliweza kuzuia mazishi hadi ng'ombe waletwe. Jamaa wa mume walikimbia sokoni, wakakopa, wakaswaga ng'ombe hata usiku, na wazee wa pande zote mbili wakakaa kuhesabu huku jeneza likisubiri. Wakikubaliana, alizikwa kama mke katika boma la mume, na programu ya mazishi iliyochapishwa mjini ikaweza kuandika Mrs bila mtu kunung'unika. Wasipokubaliana, mwili ulirudishwa kwao. Desturi hii haijaisha.

Akifa mume, karatasi iliyohitajika ilikuwa barua ya chifu. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika Julai 1981, inataka mahakama ijue nani ameachwa. Chifu wa lokesheni, akisaidiwa na mzee wa kijiji, huandika majina ya wake kwa mpangilio wa nyumba, kisha watoto wa kila nyumba, anagonga mhuri, na barua inakwenda kwenye faili la mahakama. Kifungu kilichoongezwa mwaka 1981 kilimtambua kama mke, kwa ajili ya urithi, hata mwanamke aliyeolewa kimila na mwanamume ambaye tayari alikuwa na ndoa ya cheti. Basi Mrs mwenye pete ya kanisani alimkuta mwenzake kwenye orodha, mstari mmoja chini yake. Mabinti nao waligawanywa: aliyeolewa na asiyeolewa. Sheria haiwatenganishi, lakini wazee waliokaa na chifu walijua wanachokifanya walipomwandika binti kwa jina la mume wake.

2010 hadi 2017: sheria mpya, majibu mapya

Katiba ya 2010 iliwapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria za ardhi za 2012 zikataka ridhaa ya mwenzi kabla ya shamba la familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Kwenye kikao cha bodi ya ardhi, mwanamke aliyekuwa haonekani katika hati sasa aliulizwa kama anakubali. Ghafla kuwa mke kwenye karatasi kulikuwa na faida, kinyume kabisa cha miaka ya kunyimwa marupurupu ya nyumba, na wanaume kadhaa waliokuwa wakimwita mtu mke wangu kwa miaka 20 walianza kukumbuka kwamba ng'ombe hawakulipwa.

Sheria ya Ndoa ya 2014 ilifuta sheria saba za awali na kuweka aina tano za ndoa chini ya paa moja: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa Gusii mambo mawili yalikuwa na uzito. La kwanza, sheria ilisema kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo tu ya mahari yatosha kuthibitisha ndoa. La pili, wanandoa wa kimila wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu zinazohitajika kukamilika. Usajili huo ulianza kutekelezwa Agosti 2017. Sheria ilidhani kwamba taratibu hukamilika siku inayojulikana, jambo ambalo mtu aliyezaliwa Bonchari au Kitutu angelitilia shaka. Ikawa pia kwamba kwa kuwa ndoa ya kimila huruhusu wake wengi, wanawake wawili au watatu wanaweza kuwa na cheti halali na kila mmoja akaandika Mrs kwa jina lilelile la mume.

Watoto nao waliguswa. Sheria ya usajili wa vizazi, ya tangu 1928, ilizuia jina la baba kuandikwa kama wazazi hawana ushahidi wa ndoa wala hawakuomba pamoja. Mei 2016, katika kesi ya L.N.W., Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba.

Kwa upande wa wakubwa, ugatuzi ulileta kiu ya majina makubwa. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, James Ongwae akiwa gavana wa Kisii na John Nyagarama wa Nyamira, magavana kote nchini walianza kuitwa Watukufu. Mwaka 2014 Bunge likatunga sheria ya mpangilio wa vyeo na majina ya heshima ili kuwaondolea neno hilo. Mwakilishi wa wanawake hakusubiri sheria yoyote. Wananchi walishampa jina la Mama Kaunti. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha ualimu na kupata hati mwaka 2013, kilizidisha idadi ya wanaotia alama kwenye Dr na Prof. Kwa wanawake wasomi, Dr ilikuwa na manufaa ya ziada: iliwaondoa kwenye swali la Mrs na Miss.

Tangu 2017: kisanduku kisichopita

Huduma zilipohamia mtandaoni, kisanduku kilibadilika tabia. Kwenye karatasi mtu aliweza kuliruka swali, karani akanyamaza au akajaza mwenyewe. Kwenye skrini, jina la heshima huwa orodha inayoshuka yenye kinyota chekundu, na ukurasa haufunguki mbele mpaka moja lichaguliwe. Katika vibanda vya intaneti vya mji wa Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo, kijana wa kompyuta humgeukia mteja na kuuliza kwa Kiswahili: umeolewa? Mama anayeanza kueleza habari za ng'ombe hukatizwa kabla hajamaliza, kwa sababu foleni ni ndefu. Mara nyingi kijana huchagua mwenyewe kwa kutazama umri.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya MNK na POM, watu walioishi pamoja miaka mingi kisha wakagombania mali. Mahakama ilisema dhana ya ndoa, yaani kuwachukulia walioishi pamoja kuwa wameoana, isitumike ila mara chache, na ikataja yanayopaswa kuthibitishwa: kuishi pamoja muda mrefu, uwezo wa kisheria wa kuoana, nia na ridhaa, na kujionyesha kwa watu kuwa ni mume na mke. Haikuona ndoa katika kesi hiyo, ingawa iligawa mali kwa kipimo cha mchango wa kila mmoja. Sharti la kujionyesha kwa watu ndilo linalogusa fomu. Kadi ya kliniki, fomu ya shule ya mtoto na karatasi ya mkopo zilizojazwa Mrs kwa miaka kumi ni sehemu ya kujionyesha huko. Zinaweza kupelekwa mahakamani, ingawa peke yake hazimfanyi mtu kuwa mke.

Bima ya afya ndiyo uwanja wa karibuni. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 2024, kila mwanachama alitakiwa kujisajili upya na kuwataja wategemezi wake, akiwemo mwenzi. Hapo jina la heshima halitoshi. Huhitajika ushahidi wa ndoa, na kwa walioishi pamoja bila cheti hiyo imekuwa ni safari ya kwa wakili kula kiapo, au ya kwa chifu kuomba barua, au ya nyumbani kwa wakwe na ng'ombe wa kwanza ili usajili wa kimila uanze.